Sinema Niliyosimuliwa Uani

Nilijifunza cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa mjini Shinyanga, miaka michache baada ya Uhuru. Mama yangu alikuwa akimpelekea maziwa mke wa mwenye duka, na siku moja akamwomba nikae pale nijifunze ushonaji, badala ya kushinda nyumbani Ngokolo nikingoja posa. Mwenye duka alikuwa Mhindi wa makamo, mpole, mtu wa maneno machache. Mkewe ndiye aliyenifundisha kukata. Binti yao, ambaye tulikuwa rika moja, ndiye aliyenifundisha sinema.

Kila alasiri alikuwa akinitolea chai barazani, akaketi juu ya robota la kitambaa na kuanza kunisimulia picha aliyoiona. Hakusimulia kama watu wengine wanaosema huyu akampenda yule, wakapigana, ikaisha. Yeye aliinuka, akatembea kama steringi, akageuza shingo kama mke wa steringi, akainua nyusi kama adui. Wakulima walioingia mjini kununua vitambaa msimu wa pamba walisimama kumtazama. Mama mmoja wa Kisukuma aliniita mayu, yaani mama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu binti ni mzima?" Nikamwambia ni mzima, anaonyesha sinema tu.

Mjini tulikuwa na jumba moja la sinema, na Jumatano alasiri ilikuwa zamu ya wanawake. Siku ya kwanza nilipokwenda, rafiki yangu aliniombea ruhusa kwa mama yake, nikafunga kazi mapema. Ukumbini tulikuta wanawake wa Kihindi na vikapu vyao vya vitafunio, wanawake wa Kiswahili wamejitanda kanga, manesi wawili watatu waliotoka Mwadui kwa gari la mgodi, na watoto wachanga wakinyonya gizani. Picha ilikuwa ya Kihindi, nami sikujua neno hata moja. Rafiki yangu alininong'oneza mwanzo mpaka mwisho. Kihindi chenyewe hakikuwa lugha ya kwao, nyumbani walisema Kigujarati. Alikuwa amekiokota humo humo ukumbini. Ukisikiliza vizuri ungesikia ukumbi mzima unanong'ona, kila anayejua akimfasiria asiyejua.

Majina ya waigizaji yalitushinda kukubaliana, yeye akiyatamka hivi na mimi vile, kwa hiyo tukawabatiza wenyewe. Kulikuwa na Mwenye Macho, na Mwenye Kicheko, na yule tuliyemwita Bibi Harusi kwa sababu kila picha aliolewa. Mimi nilikuwa upande wa Mwenye Macho. Rafiki yangu alikuwa upande wa Mwenye Kicheko, na tulibishana juu yao kama watu wanaobishana juu ya dada zao.

"Wako anajua kulia tu," alikuwa akiniambia. "Mtu yeyote anaweza kulia. Mchekeshe tuone."

"Na wako akifiwa atacheka vilevile?"

Mabishano hayo yalikuwa yakimfikia shangazi wa rafiki yangu kule uani. Alikuwa dada mkubwa wa mwenye duka, mjane, aliyevaa sari nyeupe siku zote. Watoto wote wa nyumba ile walimwita Foi, nami nikadhani ndilo jina lake, mpaka nilipoambiwa kwamba kwa lugha yao ni shangazi tu. Alizaliwa kwenye duka la kijijini ambako baba yao alinunua pamba, akajua Kisukuma kabla ya Kiswahili. Akinisikia nimefika asubuhi alinisalimu kwa Kisukuma kutoka ndani, "Mwangaluka!" na kama sikuitikia vizuri alinikemea kwamba watoto wa mjini tunaisahau lugha ya mama zetu.

Foi hakwenda sinema. Tangu mumewe afariki hakuwa amekanyaga ukumbini, maana kwao mjane hakutazamiwa kwenda kujifurahisha hadharani. Hakuna aliyemfungia mlango. Ni jambo lililokuwa hivyo tu, kama ile sari nyeupe. Lakini kila Alhamisi, nikishamaliza kazi ya asubuhi, mama wa nyumba alikuwa akituruhusu tukae na Foi uani kuchambua dengu, na hapo tulitakiwa kumsimulia picha yote ya jana yake. Tuliyemsimulia hakuwa mtu wa kukubali kila kitu.

"Ngoja," alikuwa akisema, mkono juu ya ungo. "Amempa barua, halafu? Alisimama wapi? Mlangoni au ndani?"

Tusipojua alisimama wapi alisikitika kabisa. "Mlikwenda kuangalia nini sasa?"

Kwa ajili ya Foi nilijifunza kutazama. Nilianza kuangalia mikono ya waigizaji, mahali wanapoweka miguu, kitu walichoshika wanapopewa habari mbaya.

Siku moja, tukiwa katika ubishi wetu wa Mwenye Macho na Mwenye Kicheko, Foi akasema wote wawili ni watoto. Akatuambia kulikuwa na mwigizaji mmoja wa zamani, wa picha zisizo na rangi, ambaye yeye alimwona mara moja tu, alipokuwa bibi harusi mpya. Mumewe ndiye aliyempeleka, akifuatana na shemeji yake, yaani huyu mwenye duka wetu, aliyekuwa bado kijana. Ndiyo sinema pekee ambayo Foi alipata kuiona pamoja na mumewe, na alituhadithia.

Ilikuwa habari ya ndugu wawili wa kike waliofiwa na wazazi. Dada mtu alimlea mdogo wake kwa kazi ya kushona mashada ya maua nje ya hekalu. Karani mmoja wa reli alikuwa akipita kila siku kununua shada, na pole pole wakaahidiana. Kisha karani akahamishwa kituo cha mbali. Dada mtu akangoja. Miaka ikapita, mdogo mtu akawa mwari, na karani aliporudi, akamwona mdogo kabla ya kumwona mkubwa. Akampenda. Akaenda kuposa bila kujua kwamba mlezi wa msichana ni yule yule aliyemwacha.

"Na dada mtu akafanyaje?" nikauliza.

"Akakubali. Akamwoza."

"Hakusema?"

Foi aliusogeza ungo pembeni, akaniambia nimletee pini zangu za kushonea. Akamkalisha mpwa wake kwenye kigoda, akasimama nyuma yake, akaweka pini kati ya midomo, zimejipanga vichwa vikitazama nje, kama ninavyoweka mimi mwenyewe nikipima gauni. Kisha akaanza kumpamba nywele. Hatukuwa na maua, akatumia vipande vya kitambaa vilivyoanguka kutoka kwenye meza yangu. Akachukua pini moja mdomoni, akabana. Akachukua nyingine, akabana. Mpwa wake, ambaye sasa alikuwa ndiye mdogo mtu, akaanza kuongea kama anavyoongea bibi harusi, kwamba ana furaha, kwamba bwana ni mzuri, kwamba dada atakuja kukaa nao. Na Foi kila aliposemeshwa aliitikia kwa kichwa, kwa sababu mdomo umejaa pini. Ilipofika ya mwisho, mkono wake uliinuka mpaka mdomoni ukakaa hapo. Hakuitoa. Alisimama tu na ile pini moja, kwa sababu akiitoa itabidi aseme kitu.

Hakutoa chozi. Lakini mimi nilikuwa nalia, na rafiki yangu pale kwenye kigoda, ambaye hata hakumwona kwa kuwa alimpa mgongo, naye alikuwa analia.

"Hivyo ndivyo alivyofanya," Foi akasema, akatema pini kiganjani na kunirudishia. "Mume wangu alinishika mkono pale. Mbele ya mdogo wangu! Nilitamani ardhi ipasuke."

Akacheka kwa aibu, kama msichana.

Basi fikiria furaha yetu, miaka kadhaa baadaye, rafiki yangu alipokuja mbio barazani kutoka sokoni na habari kwamba tangazo limebandikwa, picha ile ile imetengenezwa upya, kwa rangi, na aliyemwigiza dada mtu ni Mwenye Macho wangu. Tulimwandama Foi wiki nzima. Alisema hapana, alisema watu watasema nini, alisema magoti yanamuuma. Mwisho mke wa mdogo wake, ambaye kwa kawaida hakuingilia, akamwambia kwa Kigujarati maneno ambayo rafiki yangu alinifasiria baadaye: "Nenda. Utazeeka bila kuiona tena."

Jumatano hiyo tulimweka Foi katikati yetu, kwenye viti vya pembeni ili asionekane sana. Alikuwa ameshika mkoba wake magotini kwa mikono miwili kama mtu aliye ndani ya treni. Rangi zilipotokea alivuta pumzi. Nilimtazama yeye zaidi kuliko nilivyotazama picha. Hekalu lilipoonekana alitabasamu. Karani alipotokea alimnong'oneza mpwa wake kwamba yule wa zamani alikuwa mrefu zaidi.

Ilipofika siku ya harusi, Mwenye Macho alimkalisha mdogo wake mbele ya kioo kikubwa. Hapakuwa na pini. Palikuwa na vinanda. Aliimba wimbo mrefu huku machozi yakimteremka, akazunguka chumba, akaenda dirishani kwenye mvua, akarudi, na mwisho akaanguka juu ya kitanda kilichojaa maua. Ukumbi mzima ulikuwa unapenga kamasi. Nami nililia, siwezi kusema uongo, alikuwa na macho yale. Foi alikuwa ameshika mkoba wake vilevile mpaka taa zilipowaka.

Njiani hatukuthubutu kumuuliza. Tulipofika kwenye kona ya duka ndipo aliposema, "Anaimba vizuri huyu." Hatua chache mbele akaongeza, "Lakini analilia sisi. Yule hakujua kama tupo."

Asubuhi yake nilikuwa kwenye cherehani nikiwa na hofu, maana rafiki yangu aliniambia baba yake alijua tulikokwenda na hakusema lolote wakati wa chakula. Mwenye duka akafungua milango, akapanga marobota yake. Foi akapita na bakuli la mchele. Mwenye duka akamwita dada yake, kwa Kiswahili, labda kwa sababu nilikuwepo.

"Dada, waliweka pini?"

"Hawakuweka."

Akatikisa kichwa taratibu. "Pini ndiyo picha yenyewe," akasema, akaendelea na vitambaa vyake.

Hata mimi sikuwa nimefikiri kwamba mtu yule mkimya alikuwa ameihifadhi sinema hiyo miaka yote.

Muda si mrefu rafiki yangu akaposwa na kijana wa ukoo wao aliyekuwa Uingereza. Wakati ule familia nyingi za Kihindi zilikuwa zikiondoka, moja baada ya nyingine, wengine wakienda Kanada, wengine Uingereza, na kila mwezi duka fulani lilikuwa na sura mpya mlangoni. Mimi ndiye niliyeshona blauzi zake zote za harusi. Siku ya kumjaribisha ile ya mwisho nilikuwa na pini mkononi, na nilisema sana. Nilisema juu ya picha ya Jumatano ijayo, nikasema Bibi Harusi amenenepa, nikasema labda wataleta ile ya majambazi, kana kwamba Jumatano hiyo tutakuwa tumekaa wote kwenye viti vya pembeni. Akaniambia, "Nyamaza kidogo, nikutazame." Nikanyamaza, akanitazama, nami nikarudi kwenye pindo.

Mwaka uliofuata wazazi wake wakamfuata, na Foi akaenda nao. Alinishika mashavu yote mawili akaniaga kwa Kisukuma. Nami, mtoto wa Kisukuma, nikamwitikia kwa Kiswahili.

Niliolewa Ushirombo, kwa mwalimu wa shule ya msingi, Mkatoliki wa familia ya wakulima. Nilikwenda na cherehani yangu. Watu wa kule walikuwa wema kwangu, walinifundisha Kisumbwa na kunicheka nilipokikosea, lakini sinema haikuwako. Jumatano alasiri zilinisumbua kwa muda mrefu. Ilikuwa ikifika saa ile, hata nikiwa shambani, mwili wenyewe unajua, unataka kwenda mahali kukaa gizani pamoja na watu. Tukipukuchua mahindi na mama mkwe na mawifi, walinitaka niwahadithie za mjini, nikawahadithia picha. Nilisimama, nikatembea kama steringi, nikainua nyusi. Walifurahi sana. Lakini hakukuwa na mtu wa kuniambia, "Wako anajua kulia tu." Kuhadithia watu wanaokubali kila kitu ni upweke wa aina yake.

Kisha ikaja miaka ya sabuni kuadimika, na nguo zikawa za kuviziwa. Mtu akipata kipande cha kitambaa hashoni gauni jipya, anakuja umgeuzie la zamani. Nikaanza kufuata kazi ilipo, na kazi ilikuwa machimboni, upande wa Geita, kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Nilikuwa nikienda na wifi yangu kwa wiki moja moja, tunafikia kwa mama mmoja aliyeuza chakula. Alikuwa mnene, mcheshi, hakuogopa mtu. Wachimbaji walipotoka kwenye maduara yao, yale mashimo marefu wanayoshuka kwa kamba, walikuwa wametapakaa vumbi jeupe, na mtu wa kwanza waliyemwita ni yeye.

Mama huyo alinunua jenereta, televisheni na deki ya video, akajenga banda la mabati akaziba madirisha kwa mablanketi. Asubuhi, wanaume wakiwa chini ya ardhi, banda lilikuwa la wanawake. Siku moja nikiwa napiga pasi alinikuta akasema, "Fundi, nimeletewa kanda za Kihindi, nyingi mno, na sisi hatusikii neno. Si ulisema ulikaa na Wahindi?"

Bara hatukuwa na kituo cha televisheni wakati ule. Kanda zile zilikuwa mchezo wa televisheni uliorekodiwa huko ulikotoka, wa sehemu nyingi nyingi, picha ikicheza cheza na rangi zikivuja. Nikakaa mbele, wanawake nyuma yangu, nikaanza kufasiri kwa Kihindi changu cha kuokota. Na katika kanda ya kwanza nikaona hekalu, na mwanamke ameketi nje akishona mashada, na mtoto wa kike kando yake.

Niliacha kufasiri. Wifi yangu akanigusa bega. "Vipi? Unamjua?"

"Namjua," nikasema.

Tuliufuata mchezo huo asubuhi nyingi. Ulikuwa mrefu kupita kiasi. Ile safari ya karani peke yake ilikula kanda mbili, na walimwongezea mama mwenye fitina. Mwigizaji wa dada mtu hakuwa na macho ya yule wangu wala kicheko cha yule mwingine, lakini alikuwa na sauti nzito niliyoipenda. Ilipokaribia harusi sikulala vizuri. Nilijiambia, hawa wana nafasi, hawana haraka, labda wataweka.

Hawakuweka. Katika mchezo ule dada mtu alisimama nyuma ya mdogo wake, akaweka kitana chini, akamwambia yote. Kwamba bwana huyu alikuwa wangu. Kwamba nilimngoja. Banda likalipuka kwa vigelegele.

"Ndiyo! Aseme!" mama mwenye banda akapiga kelele. "Mtu unyamaze ili iweje?"

Picha ilipokatika kwa ajili ya kujaza mafuta kwenye jenereta, nikasema kwamba katika picha ya zamani hakusema.

"Uliiona wewe?"

"Sikuiona. Nilisimuliwa."

Wakacheka sana. Lakini mama yule akaniambia, haya, tusimulie hiyo ya bubu. Nikamkalisha wifi yangu kwenye ndoo, nikatoa pini kwenye kifuko changu, nikaweka mdomoni. Nilifanya kama nilivyoona uani. Nilibana moja moja, nikaitikia kwa kichwa, na ya mwisho nikaishika bila kuitoa. Tulisikia nyundo za wachimbaji kule mbali.

Kisha wakaanza kubishana. Nilisikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu Shinyanga. Mmoja alisema huyo dada ni mjinga. Mwingine akasema siyo mjinga, amelea, na aliyelea hawezi kuvunja alichokilea. Mama mwenye banda akasema hayo ni maneno ya picha, yeye angemfukuza karani kwa mwiko. Nami nikawajibu mmoja mmoja, nikamtetea, hata sauti ikanikauka.

Ndipo mwanamke mmoja kijana, aliyekuwa amekaa karibu na mlango akinyonyesha na hakuwa amesema kitu asubuhi nzima, akauliza, "Na mdogo mtu, alijua?"

"Alijua nini?"

"Kwamba bwana alikuwa wa dada yake. Anaongea peke yake muda wote huo, dada anatingisha tu kichwa. Mimi ningejua. Labda alijua, akaendelea kuongea ili dada asipate nafasi ya kusema."

Wote wakanigeukia. Foi hakuwahi kutuambia uso wa mdogo mtu ulikuwaje pale mbele, nasi, pamoja na maswali yote aliyotufundisha, hatukumuuliza. Nilitamani kuinuka saa ile ile nikimbie niende nikamuulize. Nilijiona kabisa nikisukuma mlango wa uani, nikimkuta na ungo wake, nikimwambia ngoja, huyo mdogo alikuwa akitazama wapi? Na rafiki yangu angedakia kabla ya shangazi hajafungua mdomo, angesema bila shaka alijua, angeinuka na kunionyesha.

"Sijui," nikawaambia wale wanawake. "Aliyeiona yuko mbali."

Jenereta ikaunguruma tena, nikageukia kioo cha televisheni, nikaendelea kuwafasiria.